Mlango wa Uani, Mbao za Kitanda Chetu

Baba Tunu,

Mwanao ametoroka sasa hivi. Alikuwa hapa miguuni pangu anachezea gunzi la hindi. Nikageuka kufunika uji, na kugeuka tena naona kisigino tu kinapotelea kwenye upenyo wa mlango wa uani. Alipita kiubavu-ubavu, tumbo kalibana kama mtu mzima anayepenya katikati ya magunia. Kisha nikamsikia uchochoroni anacheka peke yake.

Nilikimbia mpaka kizingitini, na pale miguu ikagoma. Zimebaki siku tatu eda yangu iishe. Najua dini ina huruma, mtoto akiwa hatarini mama hutoka, hata mwalimu wetu wa kina mama alishasema. Lakini miezi minne hii mguu wangu haujavuka pale, na mguu nao hujifunza. Nikasimama, vidole vimegusa ubao wa chini, namwita: "Tunu, njoo kwa mama, njoo nikupe sukari guru." Anacheka. Namwona nusu tu kwenye upenyo, jicho moja, mkono mmoja, upande mmoja wa gauni. Nasikia mkokoteni wa kuni unashuka kutoka juu, na mwenye ng'ombe anapiga mluzi. Nikanyanyua mguu. Wallahi niliunyanyua, Baba Tunu. Na kabla sijautua nje nikasikia sauti ya Mama Sharifa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta: "We mtoto, unakwenda Boma kushtaki nani?"

Akamrudisha kwa upenyo ule ule, kichwa kwanza, kama anatia mkate kwenye tanuri. "Pokea mzigo wako, Mama Tunu. Eda ni yako wewe, huyu hajafiwa na mume!"

Nikacheka. Halafu nikakaa chini na Tunu mapajani nikalia kidogo, halafu nikachukua hili daftari.

Nakuandikia kwa sababu nina jambo la kukuomba, na fundi anakuja leo kabla ya alasiri. Lakini nikilitaja hivi hivi hutanielewa. Lazima kwanza nikueleze huo upenyo umetoka wapi, maana wewe ulituachia mlango usiokuwa na upenyo. Ulikuwa na matundu, sawa. Upenyo haukuwepo.

Unaukumbuka ulivyokuwa. Upande wa chini ulishaliwa na chumvi ya ngozi zako, juu ukapigilia bati la debe, juu ya debe ukapigilia debe jingine. Punda walipokuwa wakiingia na ngozi kutoka Oldonyo Sambu, mlango ulikuwa ukilia kabla yao. Mara ya mwisho ulipoondoka uliupiga teke la mapenzi ukasema, "Nikirudi nakuvua hayo madebe, nakutengeneza kama bibi harusi." Ukarudi na homa. Siku ya sita ukatolewa kwa mlango wa mbele juu ya mabega ya watu, na huu wa uani ukabaki unangoja ahadi yako.

Mwezi wa pili wa eda alikuja Bwana Afya. Mzungu mwenyewe alisimama na kofia yake bila kusema kitu, aliyekuwa anasema ni karani wake. Mimi nilikuwa chumbani nasikiliza dirishani. Karani akasema mtaa wetu ndio wa kwanza kujengwa mjini hapa, tangu zama za Mjerumani, na uko njiani wakubwa wakienda Boma. Serikali haitaki kuona madebe na mbao zilizooza kwenye kuta za kale namna hii. Tena panya wanazaliana. Mama yako akamjibu, "Panya wetu, bwana, wanakula kwenye ghala la serikali. Hapa wanakuja kulala tu." Karani hakumtafsiria Mzungu.

Wakabandika karatasi. Iddi akaibandua akaja kusimama nje ya pazia la chumba changu, akaipitisha chini. Ndugu yako herufi za Kiarabu anazitiririsha, ila hizi za Kizungu nyumba nzima ni mimi na madarasa yangu mawili ya Kondoa. Nikasoma kwa sauti: mlango mbovu uondolewe, uwekwe mwingine wa mbao nzima, si za masanduku, wenye kujaa nafasi yake, au pazibwe kwa mawe, kama ukuta ulivyo.

Baba Tunu, ningeweza kuishia kwenye "kujaa nafasi yake." Nani angejua? Lakini ulinizoesha wewe. Ulikuwa ukirudi na gazeti lililofungiwa chumvi, unalinyoosha gotini, unaniambia, "Soma yote, usinichagulie." Nikasoma yote. Nyuma ya pazia Iddi akashusha pumzi kama hamali aliyetuliwa gunia.

"Basi pazibwe," akasema. "Mlango ule ulikuwa wa ngozi, shemeji, na mwenye ngozi ametangulia. Ukuta ukipanda mtalala salama."

Hakusema kwa ubaya. Ndugu yako si mtu mbaya, na sitaki ufikiri nakushtakia. Ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Maziwa ya Tunu hayajakosa hata siku moja. Lakini keshoyake tu mawe yakaanza kuja, yale meusi ya mtoni, vijana wanayabwaga uchochoroni moja moja. Nilikuwa napeta mchele. Kila jiwe lililotua nililisikia hapa chini ya kitovu.

Iddi anajua huo mlango kwa punda na chumvi. Hajui kwamba sisi ndio tulikuwa tukiishi nao. Mama Sharifa anaingilia pale na habari za mji mzima, kina mama wanaingilia pale kuja kusuka, maji tunateka tukipitia pale kwenda mferejini. Mbele kuna cherehani ya Iddi na kibaraza kimejaa wanaume tangu asubuhi, wengine wana nguo za kushonwa, wengi hawana. Mama yako kwa umri wake anapita, anawatukana kidogo na kupita. Mimi nikipita watanyamaza wote kwa pamoja, na kule kunyamaza ndiko kunakomvua mtu nguo.

Na kuna jingine. Nilikuwa nimeshajipangia. Eda ikiisha nitapika vitumbua na uji alfajiri, niwauzie pale pale mlangoni watoto wa chuo cha Kurani na kina mama waendao sokoni. Kikaango Mama Sharifa amesema ataniazima mpaka nipate changu. Kwa sababu Iddi alishamwambia Mama, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Eda ikiisha tutazungumza." Unajua mazungumzo ya namna hiyo yanavyoanza na yanavyoisha. Hana mke tangu yule wa kwanza aende kwao, na wazee watamwambia ni vizuri, mtoto asitoke kwenye ukoo. Akikohoa asubuhi, Baba Tunu, anakohoa kama wewe. Ndiyo maana siwezi. Nikiwa na kazi yangu nitakuwa na mdomo wa kusema siwezi, tena kwa adabu, na nikabaki hapa na mwanangu. Nikirudi kwetu Kondoa nitarudi mikono mitupu, maana Tunu hawatanipa.

Lakini mlango ukizibwa? Hakuna atakayenilazimisha kuolewa. Nitabaki tu ndani, kimya, mwaka na mwaka, mpaka kuolewa kuwe ndio mlango pekee uliobaki.

Nikamwambia Mama, tutafute mbao. Akaenda mwenyewe mpaka Kijenge kwa fundi Elia, yule Mmeru aliyetengeneza milango ya msikiti ingawa yeye ni wa kanisani. Elia akasema mbao nzuri sasa hivi zinachukuliwa na walowezi wanaojenga mashambani. Yeye ana podo mbichi tu, akiipigilia leo wiki ijayo imepinda kama upinde. Tungoje miezi miwili. Na karatasi ilitupa mpaka leo.

Mama alipokuwa ananieleza haya nilikuwa nimekaa kitandani, mkono nimeuweka kwenye mfumbati wa ubavuni. Mninga ule, Baba Tunu. Mbao zile ulizowaandikia wajomba zako Tabora, zikaja kwa treni na lori mwezi mzima, nikakucheka kwamba unaoa kitanda kwanza. Mbao nne ndefu, kutoka mchagoni mpaka miguuni, hazina hata fundo moja. Jibu nilikuwa nimelilalia.

Nikasema, "Mama, kitanda si hiki hapa?"

Nguo zako tulishawagawia waliokuosha, kanzu, viatu, hata ule mkanda. Kitanda kilibaki, na hakuna aliyekitaja, maana kila mtu alikuwa na wazo lake juu yake. Mama akanitazama mimi, akakitazama kitanda, akalitazama pazia, nyuma ya pazia cherehani ya Iddi inalia trrr, trrr. Mama si mtu wa kuelezwa mara mbili. Alielewa kwamba nautaka mlango, na alielewa lile jingine pia, kwamba pale hatalala mtu mwingine. Nilidhani atanikaripia. Akasema neno moja tu: "Kiondoke."

Mahamali wawili wakakibeba mchana, kwa mlango wa mbele kwa sababu ule wa uani kilikataa kupita. Nilijifungia chumbani, lakini nilisikia. Kibaraza kizima kilinyamaza. Halafu mmoja akauliza, "Mjane anahama?" Mwingine: "Anahama kitanda kwanza, mwenyewe atafuata." Wakacheka. Cherehani haikulia tena mpaka Alasiri. Mama akarudi pale kibarazani, nikamsikia, "Chekeni, chekeni. Wake zenu wakisikia kitanda kinaweza kuondoka, mtalala wapi?"

Tangu siku hiyo mimi na Tunu tunalala kwenye mkeka. Baridi ya Meru mwezi huu unaijua, inapanda kutoka sakafuni. Tunu anasema "Kitanda kimekwenda safari." Namwambia kitarudi kimesimama.

Sasa sikia tulivyoharibu.

Fundi Elia alituma neno: nipimieni nafasi, mwimo kwa mwimo. Kuja mwenyewe hakutaka, aliona haya kuingia ua wa mwenye eda, na kwa nje madebe yako yalikuwa yamefunika miimo yote. Urefu haukuwa na tabu, urefu ulikuwa wa kitanda. Upana ndio ulitakiwa. Macho ya Mama hayaoni vidole vyake, kwa hiyo nikapima mimi kwa shibiri. Shibiri tano na vidole viwili. Nikapima tena, tano na viwili.

Halafu nikajifanya mwenye akili. Nikawaza, mkono wangu ni huu, na Mama anasema mikono ya Elia ni kama majembe. Nikisema tano atapima tano za kwake, mlango utakuja mpana kama wa kanisa lake. Nikakadiria, nikamwambia Mama, "Mwambie nne." Sikumwambia kwamba nimeshapunguza. Mama akafika Kijenge akasema, "Nne, kapima mke wa marehemu kwa mkono wake." Na Elia naye, Mungu amsamehe, akawaza: mkono wa kike huo, mdogo. Nne za kike ni tatu za kwangu. Akatengeneza tatu.

Jana mlango ulikuja. Baba Tunu, ni mzuri. Mifumbati amefanya viunzi, matendegu yamekuwa vipande vya bawaba, mbao zako zimesimama zinang'aa kama zimepakwa samli. Wakang'oa ule wa zamani, wakausimamisha huu, na ubavuni ikabaki nafasi anapita mbuzi.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, Elia uchochoroni, Mama katikati yetu, maana mimi siwezi kusema naye na yeye hawezi kusema nami, ingawa kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Elia akasema, "Mama, shikamoo tena. Mwambie binti nilipunguza kwa sababu alipima yeye." Nikasema, "Mama, mwambie nilikuwa nimeshapunguza kwa sababu atakayepima ni yeye." Kwa desturi Mama alitakiwa kuyarudia haya yote. Safari hii alikaa juu ya kinu akasema, "Mmesikizana. Wajanja wawili wamekutana, mlango umefia katikati."

Mama Sharifa kwa juu ya ukuta: "Na kamba? Nyumba nzima hamkuwa na kamba ya kupimia?"

Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imepita juu ya kichwa changu wakati wote nilipokuwa nikipima. Nguo za Tunu zilikuwa zinanidondoshea maji shingoni.

Ubao wa nne nao, ambao ungetuokoa, Elia alikuwa ameshaukata vipande vya kukazia mgongo wa mlango. Hakuna cha kurudisha.

Iddi akaja kutazama. Akaingiza mkono mzima kwenye upenyo mpaka begani, akautoa. "Mungu mwenyewe ameonyesha," akasema. "Mawe yapo. Kesho Bwana Afya anakuja, na karatasi imesema mlango ujae nafasi yake."

Hapo Mama yako alinishangaza. Hajanitetea mbele ya mtu tangu nimeolewa, unajua, siku zote ananitetea mgongoni na kunigombeza usoni. Alimwambia, "Mawe yako, mwanangu, kajengee banda la kuku. Mwanamke aliyetoa kitanda chake hakuomba ukuta. Kilipita mbele ya cherehani yako saa sita mchana. Kama hukusikia kilichokuwa kinasema, masikio yako yamejaa nyuzi."

Nilikuwa naviona viatu vya Iddi tu chini ya mlango wa jiko. Vilisimama sawasawa, kama vya mtu aliyetajiwa ugonjwa wake na daktari. Nilimwonea huruma, Baba Tunu. Kisha akasema, taratibu, "Sawa, Mama. Mlango ukitimia, yaishe, na mengine yote yaishe. Lakini Bwana Afya akiukataa kesho najenga, na hapo asinilaumu mtu." Akaondoka. Ndiyo ahadi tuliyonayo. Nusu ya kwanza nimeishika kwa mikono miwili. Nusu ya pili ni ya leo alasiri.

Basi nimefika kwenye jambo langu.

Kuna ubao mmoja wa mninga haukwenda Kijenge. Mahamali walipokuja niliung'oa kwanza nikauficha nyuma ya sanduku la nguo, nikamwambia Mama hauna kazi. Ubao wa mchagoni. Pale katikati, kidogo kushoto, pana weusi wa mafuta ya nywele zako, mviringo kama sahani ya kahawa. Ulikuwa ukiegemea pale nikikusomea gazeti, ukisema, "Endelea, sijalala," na umelala. Tangu kitanda kiondoke nimeusimamisha ukutani kwenye mkeka wetu. Tunu anaugonga, "Hodi Baba." Sikumfundisha mimi.

Elia jana aliuona. Tunu ndiye aliyeukokota mpaka uani kumwonyesha, anajivunia nao. Elia akaupima kwa macho, safari hii kwa kamba pia, Mama Sharifa alimrushia. Akasema, "Mama, mwambie binti huu unatosha. Nikiupasua katikati napata vipande viwili, kimoja juu ya kingine, upenyo unajaa mpaka juu, na rangi ni ile ile. Bwana Afya hataona hata kiungo." Akaupiga mstari wa makaa, kutoka upande hadi upande. Mstari umepita katikati ya weusi wako.

Nikasema atuachie mpaka leo. Elia ni mtu mwenye mke, alielewa. Akasema kesho basi, kabla ya alasiri, akaenda.

Asubuhi nzima nimekuwa nautazama. Nimefikiria kumwambia ajazie udongo, karatasi inataka mbao. Nimefikiria sanduku la nguo, ni la bati. Nimefikiria kusema mtoto kaupoteza, nikajionea aibu. Ningekuwa natoka ningekwenda mwenyewe sokoni, kwa Wahindi, mpaka huko kwa wapasua mbao mlimani, ningepiga magoti mahali nikapata kipande cha shibiri moja. Sitoki. Kila ninachoweza kukitoa lazima kiwe kiko humu ndani, ndani ya kuta hizi nne, na humu ndani nimebakiwa na wewe.

Mwalimu anasema tuwaombee wafu, tusiwaombe wao. Sikuombi kama anavyoombwa Mungu. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba ruhusa ya kwenda kwa mtu, na mara nyingi, utanisamehe, nilikuwa nimeshavaa buibui tayari.

Kwa sababu alipotoka Tunu asubuhi hii, nimejibiwa. Nilisimama pale nikamwona mwanangu nusu, na nikajua kuna mtoto wa kukimbilia nje, atakuwepo kesho na mwaka kesho, atakimbia mbali zaidi ya mfereji, na mimi nitakuwa wapi? Nyuma ya mawe ya Iddi na ubao wa mchago, nagonga hodi? Wewe mwenyewe ungenicheka. Ungesema, "Mama Tunu, mimi nina kichwa au nina doa?"

Elia na aupasue. Weusi utagawanyika, nusu juu nusu chini, na nitamwambia ageuze upande huo utazame ndani, uani kwetu, si uchochoroni. Hilo moja nitalisimamia, hata kama itabidi Mama arudie neno kwa neno.

Nisikuchoshe. Lala, Baba Tunu, lala kwa amani ya Mola wako, usihangaike na sisi. Mama mguu unamsumbua kwa baridi lakini ulimi mzima. Iddi atapata mke mwingine, msichana mwenye kupenda watu wengi kibarazani, na nitampikia biriani ya harusi kwa moyo mweupe. Mimi nakuahidi haya: Tunu nitamfundisha herufi zote mbili, zile za Iddi na hizi za kwangu, na atasoma mpaka mwisho wa karatasi, asichague. Na siku ya nne kutoka leo nitaoga, nitavaa, nitatoka, nitakuja mpaka kule makaburini na kusimama mbali tunakosimama wanawake, nikuambie kwa mdomo jinsi vitumbua vya kwanza vilivyo

Ngoja, Mama ananiita. "Mama Tunu! Fundi kafika, na karani kaonekana pale kona, mapema! Lete ubao upesi, mwanangu, kuandika utaandika!"

Nakwenda. Nimeshaukumbatia, naandika na mkono mmoja. Nilitaka tu ujue kwamba kabla sijautoa nimeweka kichwa changu pale pale palipokuwa pako, nikafumba macho, nikavuta pumzi, na wallahi, Baba Tunu, bado